Jino Nililokutengenezea

Tarehe 6 Januari

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu huko uliko katikati ya moto na cheche. Sisi huku wazima. Mama hajambo, isipokuwa goti lake linamsumbua asubuhi. Jua likipanda anatembea na kusahau kwamba aliamka akilalamika. Wifi yako anakusalimu sana. Mtoto wa pili ameanza kutambaa na kila anachookota kinaingia mdomoni. Jana tumemtoa msumari. Nikamwambia mama yake, huyu karithi kwa shangazi yake, anapenda chuma.

Sasa dada, usicheke. Nimepata trekta. Ni dogo, limeshatumika, rangi yote imebabuka, lakini injini inaunguruma vizuri. Nyuma lina ule mkono wa kuchimbia wenye ndoo mwishoni, kama yale makubwa mnayotengeneza hapo yadini kwenu, ila hili langu ni kitoto chao.

Taabu yangu ni visiki. Tangu ile mikaratusi ikatwe mwaka wa msiba wa Baba, shamba limejaa visiki, na unavijua visiki vya mkaratusi: ukikikata kinachipua, ukikichoma kinachipua, ukikitukana ndiyo kabisa. Jembe limeshindwa. Shoka limeshindwa. Vibarua walichimba asubuhi moja, wakaenda kula, hawajarudi mpaka leo. Nikajaribu kwa ndoo ya trekta. Ndoo ni pana mno, inakwaruza juu ya mizizi kama kibogoyo anayehangaika na muwa, na sasa imepinda.

Kuna mtu kaniambia kwamba ndoo hiyo inavuliwa, mahali pake linavalishwa jino moja refu, nene, la kupenya chini ya kisiki na kukifumua. Nikasema moyoni, nihangaike na nini na dada yangu yupo? Fundi gani atakufikia wewe? Nitengenezee, dada. Kazi ya visiki ikiisha nitalima eneo zima, na Mama ataishi kwa raha uzeeni.

Ni mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni.


Tarehe 2 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, imekunjamana kama uso wa bosi wangu, lakini imefika. Mimi nipo, chumba kile kile, dirisha lile lile linalotazama ukuta wa jirani. Kazi haziishi. Macho ndiyo yananisumbua. Ikifika jioni yananiwasha kama yametiwa mchanga, na asubuhi nayaosha kwa maji baridi kabla ya kuyafungua. Hapa yadini bado wananiita Mama Cheche. Mteja mgeni akiingia anasimama mbele yangu, nimevaa ovaroli, nimeshika mashine ya kuchomelea, ananiuliza fundi yuko wapi. Namwambia kaenda kunywa chai, subiri. Na anasubiri!

Hongera kwa trekta. Nimefurahi kweli, nimemwambia kila mtu hapa mpaka wamechoka. Jino nitakutengenezea. Lakini nisikilize vizuri, maana nakujua, masikio yako huwa yanafunga katikati ya maneno. Huo mkono uliundwa kuchota udongo, haukuundwa kung'oa visiki. Ukiuvalisha jino ukauambia ung'oe, umemtwika mtoto gunia la mtu mzima. Kwa hiyo si jino peke yake; itabidi tuutie nguvu mkono wenyewe na tuliongezee trekta uzito mbele.

Kwanza nataka vipimo. Vua ndoo, utaona masikio mawili na pini zinazoishikilia. Usinipimie kwa dole gumba, wala usiniandikie "upana wa kiganja". Kiganja chako nakifahamu, nilikiosha sana. Chukua uzi usiovutika, uzungushe kwenye pini, funga fundo pale ncha inapokutana na uzi. Uzi mwingine upime kutoka sikio hadi sikio, mwingine kutoka pini hadi pini. Kila uzi uukunje na karatasi yake, utie kwenye bahasha.

Halafu nataka kujua ni visiki vipi. Shamba la juu vimejaa. Ng'oa vyote, hata usibakize. Lakini ule mstari wa katikati, unaoanzia kwenye kile kisiki kikubwa cha kando ya barabara ukateremka hadi kijitoni, usiuguse. Ule ndio mpaka wetu. Baba aliipanda ile miti yeye na Seremala rafiki yake, kisha akatuita sote wawili akatusimamisha pale, mbele ya Mama na Seremala: juu ya mstari ni kwako wewe, chini ya mstari ni kwangu mimi. Hakuandika popote. Alisema karatasi inaliwa na mchwa, mti unaonwa na kila apitaye. Sasa miti haipo, vimebaki visiki, na Seremala. Seremala mwenyewe kisiki cha mpingo, atatuzika wote.

Unajua ninachokitaka pale chini. Macho haya hayatanifikisha mbali katika kazi za watu. Nataka nirudi, nijenge karakana yangu kando ya barabara. Paa la bati, benchi moja, mashine moja. Mteja akiingia asiniulize fundi yuko wapi.

Mama hajui kusoma, macho yake ni wewe. Msomee barua hii yote, na hapo kwenye mstari msomee mara mbili. Mwambie nauliza: nikija mwisho wa mwaka kuchimba msingi, atanikaribisha chumbani kwake?

Dada yako.


Tarehe 27 Februari

Dada yangu mpenzi,

Tumefurahi sana kupata barua yako. Huku mvua zimeanza vizuri, mbuzi mmoja amezaa mapacha, na wifi yako amepona mafua yaliyomlaza wiki nzima. Mama amefurahi mno kusikia habari zako. Anasema uyatunze macho, na usiku usisome bila taa nzuri.

Nyuzi zako hizo hapo. Ule mrefu una mafundo mawili kwa sababu mara ya kwanza nilikosea. Hesabu lile la mbali. Wifi yako alinicheka alipoona mtu mzima anafunga uzi kwenye trekta. Anasema nimekuwa mganga wa vyuma.

Kuhusu visiki usiwe na wasiwasi, kazi ni ile ile tuliyosema. Wewe fanya haraka tu, kabla udongo haujakauka ukawa mgumu.

Mdogo wako.


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Dereva wa lori la mbao anakuja huko, nimempa mzigo. Mpokee vizuri, mpe maji, maana amebeba jino lako kwenye lori kama bibi harusi, nilimkataza asilitupie mbao juu.

Jino nimelikata kutoka kwenye bapa la greda bovu lililolala nyuma ya yadi. Chuma kile ni kigumu, kimeniharibia mawe matatu ya kukatia. Ncha yake nimeipinda kidogo mbele, kama kucha, ili ipenye chini ya mzizi na isiteleze. Mgongoni nimelichonga makali upande mmoja. Hapo ndipo pa kukatia mizizi midogo. Nimelijaribisha kwa nyuzi zako na limeingia kwenye pini niliyoichonga kwa kipimo chake bila kusukumwa. Bosi kapita akalitazama, akaligonga kwa nyundo, akaondoka bila neno. Kwa Bosi hiyo ni sifa kubwa.

Kwenye gunia kuna pleti nne nene za chuma. Mbili zichomelewe pande zote za mkono pale unapokunja, mbili kwenye shina lake linaposhikana na trekta. Mtafute mchomeleaji mwenye subira, asikimbizane. Mwambie achomelee kidogo, apumzike, aendelee, la sivyo joto litaupindisha mkono. Kamba hukatikia pabovu, na hapo pa kukunja ndipo pabovu pake. Kisha chukua pipa, likate nusu, lijaze zege, ulifunge mbele ya trekta kwa bolti nilizokuwekea. Ile miguu ya pembeni unayoteremsha ukitaka kuchimba, iwekee mbao nzito chini yake isizame.

Na kazi yenyewe: kisiki usikivamie katikati. Zunguka. Fukua upande mmoja, kata mizizi, hamia upande wa pili, kata, mpaka kianze kucheza kama jino la mtoto. Hapo ndipo unaingia chini yake. Kuna kaskrubu kwenye vali ya oili, utaambiwa na wajuaji uikaze ili nguvu iongezeke. Usiiguse. Ile ndiyo inayokuambia basi, mzigo umezidi.

Sasa niambie. Mama hakunijibu swali langu. Nilimuuliza habari ya chumba, wewe unaniambia kasema nitunze macho. Ulimsomea? Na umesema kazi ni ile ile tuliyosema. Tulisema nini? Mimi ndiye niliyesema. Wewe hukusema kitu.

Dada yako.


Tarehe 19 Mei

Dada yangu, dada yangu!

Ungekuwepo ungelia. Jino limeingia chini ya kisiki cha kwanza, mkono ukajikunja, trekta likaguna, na kile kisiki kilichonitesa kikatoka na mizizi yake yote, kikalala ubavu! Watoto walipiga makofi. Wapita njia wakasimama. Mmoja akauliza nimeagiza wapi mtambo huu. Nikamwambia sijaagiza popote, huu ni mkono wa dada yangu. Walinitazama kwa heshima, nakuapia.

Pleti zimekaa vizuri. Pipa la zege lipo, trekta halinyanyuki. Nimefanya kama ulivyosema, nazunguka, nakata, nazunguka, nakata. Siku nyingine natoa vitatu, siku nyingine kimoja tu, hasa huku ninakofanya sasa, maana shimo likifika magotini maji yanajaa na udongo mweusi unaganda kwenye jino kama ugoro, mpaka nishuke niukwangue kwa panga. Oili nayo inavuja kidogo kwenye mpira mmoja. Kama hapo yadini una mpira kama huo, nitumie.

Mama hajambo, anakusalimu. Wifi yako hajambo. Mtoto anatembea sasa, amejaa fujo. Seremala alifariki mwezi wa tatu, tulimzika vizuri, watu walikuwa wengi. Mahindi ya jirani yamestawi kuliko yetu lakini yetu yatayafikia.

Mdogo wako anayejivunia wewe.


Tarehe 8 Juni

Ndugu yangu,

Leo sianzi na hali za watu. Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, nikaiweka, nikachomelea geti la watu upande usio wake. Sijawahi kufanya kosa hilo tangu nianze kazi.

Seremala kafa mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu nilikuwa natengeneza jino lako. Unaniambia mwezi wa tano, katikati ya mtoto anayetembea na mahindi ya jirani, kana kwamba ni kuku aliyekufa! Mtu aliyepanda ile miti na Baba. Mtu pekee mbali na Mama aliyesikia maneno ya Baba. Hukuona umuhimu wa kuniambia, au uliuona sana?

Na huo udongo mweusi? Usinifanye mtoto. Shamba la juu ni jekundu, limejaa changarawe, ukichimba hadi kiunoni hupati tone la maji; tumelimwagilia pamoja kwa madebe, umesahau? Udongo mweusi wa kuganda, wenye maji magotini, uko mahali pamoja tu, na hapo hakuna visiki vingine isipokuwa vya mstari.

Naomba jibu moja, kwa neno moja. Unang'oa mpaka?

Msomee Mama barua hii. Usiruke neno.


Tarehe 2 Julai

Dereva wa mbao amerudi kutoka huko. Anasema alikukuta, akakupa barua yangu mkononi, ukaitia mfukoni ukamwambia majibu yatakuja. Namuuliza umeng'oa wapi, anatazama viatu vyake.

Nasubiri.


Tarehe 11 Julai

Dada,

Natumaini hujambo. Sisi tuko hivyo hivyo.

Umeniuliza nami nakujibu. Ndiyo. Mstari nimeutoa, kimebaki kisiki kimoja. Ulitaka neno moja, hilo hapo. Sasa sikiliza na mengine.

Baba alisema mengi wakati miti ile ni miche. Alipolala kitandani mwaka mzima, nani alimgeuza? Nani alimwosha? Ulikuja ukakaa wiki moja, ukalia kwa sauti kuliko wote, ukarudi kwenye cheche zako. Goti la Mama nani analikanda? Mimi nina watoto wawili na shamba la changarawe. Wewe una kazi, una jina, watu wanakuita Mama Cheche. Nikikuachia udongo mweusi na barabara, mimi nile mawe? Asiyekuwepo na lake halipo. Hilo sikulitunga mimi.

Na wewe ni mwanamke, dada, usikasirike nikisema. Kesho ukiolewa, shamba la Baba liende kwa mtu nisiyemjua? Sijakufukuza. Ukija utapewa mahali pa kulala, shamba ni la familia. Mama nilimwambia kwamba tumeelewana mimi na wewe. Akanyamaza. Anayenyamaza amekubali.

Hayo tumeyamaliza. Sasa nina tatizo la kifundi, na najua hata ukinikasirikia kazi ni kazi. Kimebaki kile kisiki kikubwa cha kando ya barabara. Kimenishinda. Kina mizizi minene kama mapaja, na pini ya jino imepinda kidogo, nikaogopa kulivunja jino lenyewe. Nikavua mkono wote na lile pipa la mbele nikalitoa ili trekta liwe jepesi. Nikafunga mnyororo kwenye mikono ya kuinulia jembe, nikavuta. Magurudumu ya mbele yakainuka juu kama mbuzi anayetaka kula majani ya mti. Nikakanyaga klachi, likashuka, hatukupata madhara.

Nimefikiri, nimeona kosa langu ni kufunga chini mno. Kisiki kinatakiwa kuvutwa kwenda juu. Kwa hiyo nitafunga mnyororo juu kabisa, kwenye lile bomba la kivuli, linaloshika paa, nyuma ya kiti, nitie gia nzito, nisiachie mafuta hata likiinuka. Nangoja ardhi ikauke kidogo. Nitafanya Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Kama una ushauri, nitumie kwa dereva.

Mdogo wako.


Tarehe 16 Julai

Wewe,

Dereva anaondoka jioni hii. Nimemwapisha asimpe mtu mwingine barua hii, na asiondoke mpaka umeisoma mbele yake.

USIFUNGE MNYORORO KWENYE BOMBA LA KIVULI. Usifunge mahali popote palipo juu ya ekseli ya nyuma. Ukifunga juu na kisiki kikakataa, magurudumu ya nyuma hayaendi popote, kwa hiyo trekta lenyewe ndilo linalozunguka. Linainuka mbele, linakuja nyuma, na wewe uko katikati. Hakuna muda wa klachi. Mara ya kwanza ulipona kwa bahati, na bahati haina undugu na mtu. Nimewahi kuletewa trekta la marehemu hapa yadini. Usukani ulikuwa umepinda kwa umbo la kifua chake. Bosi aliniambia nyoosha, nikanyoosha.

Nikwambie na jambo jingine, maana leo sina sababu ya kuficha. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi. Nilifikiri nisikujibu. Barua huchelewa, barua hupotea, kila mtu anajua. Hakuna ambaye angeninyooshea kidole. Jumatatu ingefika, ungefunga juu kama ulivyopanga kwa akili zako, na kisiki changu kingebaki pale pale kando ya barabara. Nimeliwaza hilo lote, mpaka mwisho, nikaona na jeneza lako na wifi yangu na watoto. Umenifikisha huko. Mimi niliyekutafunia chakula ulipokuwa huna meno, leo nimekaa chumbani napima kifo chako kama ninavyopima chuma. Hilo sitakusamehe, hata la shamba nikija kulisahau.

Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Basi laana yangu ni kwamba nimezaliwa nawe. Chukua ushauri.

Rudisha pipa la zege mbele. Rudisha mkono, chomoa pini iliyopinda, weka mpya. Nimekuwekea mbili kwenye kigunia alichonacho dereva. Kizungukie kisiki chote, fukua hadi uone tumbo la kila mzizi. Mizizi minene usiivute, ikate kwa shoka, kila mmoja mara mbili, utoe kipande cha katikati ili usishikane tena. Jaza maji kwenye shimo, liache lilale hivyo usiku mmoja. Kisha vua mkono, pipa libaki. Tafuta gurudumu bovu la lori, lisimamishe wima kando ya kisiki, lilaze kidogo likiegemea upande wa kisiki. Funga mnyororo kwenye mzizi wa upande wa pili, upitishe juu ya gurudumu, kisha uje kwenye ndoano ya chini kabisa ya trekta, ile iliyo chini ya ekseli. Chini, narudia. Gurudumu ndilo litakalougeuza mvuto kwenda juu, si trekta. Mnyororo uwe mrefu. Gia ya kwanza, polepole, na mtu yeyote asisimame karibu na mnyororo; ukikatika unakata mtu. Magurudumu ya mbele yakiinuka hata kidole kimoja, simama, shuka, kata mzizi mwingine.

Ukifanya hivyo kitatoka. Najua kwamba kitatoka, kwa sababu ni mimi ninayesema. Na kikitoka sina hata kitu cha kusimama nikamwonyesha mtu kwamba Baba alikuwa na mtoto mwingine. Miti ulikata, Seremala ukamzika bila kuniambia, mstari umeung'oa kwa jino langu, na hiki cha mwisho nakitoa mimi mwenyewe kwa kalamu. Hata mwizi humwonea aibu mwenye mali akampisha njia. Wewe umeniita nije nikushikie taa.

Umesema nililia kwa sauti kuliko wote. Kweli. Na ulikuwa ukimwosha Baba, kweli. Ungeniambia umechoka, ungeniambia dada nigawie kidogo cha udongo mweusi, watoto wana njaa, ningekupa nusu siku hiyo hiyo na ningekushukuru kwa kuniomba. Hukuomba. Ulichagua kuniita mpenzi.

Usinitumie tena salamu za Mama. Sijui zipi ni zake.

Dada yako, maana hilo halina wa kuling'oa.


Tarehe 3 Agosti

Dada,

Kimetoka. Nilifanya kama ulivyosema, gurudumu, ndoano ya chini, gia ya kwanza. Trekta halikuinuka hata kidogo. Kilichukua muda, kikalia, kikageuka taratibu, kikatoka na udongo wake.

Mama alikuwa amekaa kibarazani tangu asubuhi. Kilipolala aliinuka akaja mpaka pale shimoni, na goti lake lile. Akaniuliza, nani kakuonyesha namna hii? Wewe huijui namna hii. Nikamwambia dada. Akasema mwongo. Nikamwapia. Akasema, "Mwanangu yule hawezi kukuonyesha kukitoa hiki. Ulinieleza kwamba mmeelewana, nikanyamaza kwa sababu nakula kwako. Sasa umefika hadi kumsingizia kazi ya mikono yako."

Hajasema nami tangu siku hiyo. Amehamisha mafiga yake nyuma ya nyumba, anajipikia mwenyewe, anachuchumaa na goti linalia mpaka mimi nalisikia ndani. Wifi yako akimpelekea sahani inarudi na chakula chake. Majirani wameanza kuuliza. Watoto wanauliza kwa nini bibi amekasirika. Sipati usingizi, dada, nakwambia kweli.

Amesema ataamini akisikia kutoka kwako, na barua isomwe na mwalimu wa hapa jirani, si mimi. Hataki mimi nimsomee tena. Ile barua yako siwezi kumpa mwalimu, unajua mwenyewe ina maneno mengi.

Niandikie nyingine, fupi. Sema kwamba ni wewe uliyenielekeza kukitoa kisiki, kwa hiari yako, na kwamba sikukusingizia. Si uongo, ni kweli tupu, wewe mwenyewe unajua.

Andika hilo tu. Mengine usiandike.

Mdogo wako.